Viatu vya Kwendea Maji Moto

Nilistaafu wiki tatu zilizopita na tayari mke wangu amenichoka. Nimeshatengeneza viatu vyote vya nyumba hii, vya majirani wa upande wa kulia, na ndala za mwenye duka ambaye hakuniomba. Jana alinipa daftari na kalamu, akasema kama sina kazi basi niandike, ili ninyi vijana niliowaachia kibanda mpate cha kusoma siku ambazo wateja hawaji. Nawaandikia, lakini mkitafuta humu habari za nilivyopanda cheo hamtaziona. Fundi viatu hapandi cheo, anazeeka tu mpaka watu wamwite mzee. Malipo nayo nayaruka, maana mkiyasikia mtacheka, na mkicheka hamtanisikiliza tena.

Nilianza kazi miaka ya hamsini ikiwa bado michanga, kibandani kwa Mzee Kibwana, Mtaa wa Msimbazi, hatua chache kutoka soko la Kariakoo. Nilikuwa na miaka ishirini, nimeoa miezi miwili tu iliyopita, nakaa Ilala chumba kimoja. Siku ya kwanza nilifika alfajiri, nikamwamkia Mzee Kibwana shikamoo, nikanyoosha mkono kuchukua nyundo. Akaisogeza mbali. Akaniambia niketi pale mlangoni niangalie miguu ya wapita njia mpaka adhuhuri. Adhuhuri akaniuliza nimeona nini. Nikasema nimeona watu wengi. Akasema basi kesho nije kuangalia tena.

Siku ya tatu ndipo nilipoanza kuona. Niliona mchukuzi wa soko ambaye soli yake ya kulia ilikuwa imeliwa upande wa nje, nikajua anabebea gunia bega lipi. Niliona karani anayetembea kwa vidole kwa sababu kisigino kina msumari na aibu imemzuia kuvua njiani. Mzee Kibwana aliposikia hayo akanipa donge la nta na uzi wa katani, akasema sasa nimeajiriwa. Kwa hiyo msinishangae nilipokuwa nikiwanyang'anya simu na kuwaweka mlangoni. Sikuwa na hasira nanyi, nilikuwa nawafundisha kwa njia niliyofundishwa.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache na vyote mnavijua, kwa kuwa ndivyo mnavyotumia hadi leo: nyundo, koleo, uma wa kutobolea, kisu kilichonolewa mpaka kikawa chembamba, na kalibu, yaani ile miguu ya mti tunayoshonea viatu. Lakini chombo ambacho Mzee Kibwana alikithamini kuliko vyote kilikuwa mikono yake mitupu. Mteja wa kiatu kipya alimkalisha kwenye kiti, akachukua mguu wake mapajani, akaupapasa kila mfupa huku akizungumza habari za mpira. Kwake, fundi asiyeshika mguu ni sawa na mpishi asiyeonja.

Kitu kingine alichonifunza ni mgongo wa kiatu. Mgongo, kwa msiojua kwa nini tunauita hivyo, ni kile kipande cha ngozi ya ng'ombe tunachokificha kisiginoni, katikati ya matabaka mawili, ili kiatu kisimame kisilale. Kila kiatu cha kufunika mguu kilichotoka kwetu kilikuwa nao. Kwa miaka mitatu nilishona migongo asubuhi na jioni, hadi mikono yangu ikawa inaishona yenyewe bila kuniuliza. Nilijivunia sana jambo hilo. Mjinga hujivunia mengi.

Basi katikati ya miaka hiyo, nikiwa nimekwisha kuaminiwa kushona viatu peke yangu, akaja Bwana Ramji. Alikuwa muuza vitambaa wa Uhindini, mtu mnene, mpole, mwenye kufuta jasho kila baada ya neno la tatu. Alikuja kwa ajili ya mama yake, Bibi Jamna. Bibi huyu alikuwa ameletwa Dar es Salaam kutoka Bara Hindi akiwa msichana wa kuolewa, na katika mambo yote aliyoyaacha kwao, alilolikumbuka zaidi ni chemchemi ya maji moto ambayo mama yake alimpeleka kila mwaka kwa miguu. Sasa binamu yao mwenye duka huko Utete, Rufiji, alikuwa amewaandikia kwamba karibu na kwake kuna maji yanayochemka yenyewe kutoka ardhini, na juu yake kuna kilima chenye mwamba, ukisimama pale unaona bonde zima la mto. Ni matembezi mepesi, alisema, hata watoto huenda. Tangu barua ile ifike, Bibi Jamna hakuwa na mazungumzo mengine.

Shida ilikuwa miguu yake. Vidole gumba vyake vilikuwa vimeota vinundu vikubwa, na kwa miaka kadhaa hakuwa ametoka mbali zaidi ya baraza la nyumba yake. Bwana Ramji aliogopa kumpeleka, ila alikuwa mwana mwenye heshima, na mwana mwenye heshima hamkatalii mama yake, humwekea masharti. Sharti la kwanza, apatikane fundi wa kumshonea viatu vya kutembelea visivyo na ngozi, maana kwa dini yake ng'ombe ni mnyama mtukufu na Bibi hakukubali ngozi yake imguse hata kidogo. Sharti la pili, gari likisimama na matembezi yakianza, asikae chini kabla ya kufika kileleni. Akikaa mara moja tu, watageuza, na habari za maji moto hazitatajwa tena nyumbani. Nadhani Bwana Ramji aliamini sharti la kwanza peke yake lingetosha kuimaliza safari.

Mzee Kibwana akanitazama, akamwambia kijana huyu ataweza. Mimi nikaitikia kabla sijafikiri, ndivyo nilivyokuwa. Ndipo Bwana Ramji alipotoa kitambaa, akafuta jasho, akasema kwa sauti ndogo kwamba kuna jambo jingine. Sitaweza kumshika Bibi mguu. Mila waliyokuja nayo kutoka kwao haikumruhusu mtu kama Bibi kuguswa na anayefanya kazi ya ngozi za ng'ombe.

Nitasema kweli, iliniuma. Nilikuwa nimeoga asubuhi ile. Bwana Ramji alipoondoka nikaanza kunung'unika, na Mzee Kibwana akaniacha ninung'unike hadi nikaishiwa maneno. Kisha akaniuliza, "Ukiletewa kiatu cha ngozi ya nguruwe, utakishika?"

Nikanyamaza.

"Haya, nyamaza vizuri," akasema, "halafu ufikirie namna ya kuupima mguu usioushika."

Namna aliipata yeye, si mimi. Kesho yake nikavuka uwanja wa Mnazi Mmoja na chaki mfukoni, nikafika kwa Bibi Jamna saa nne za asubuhi. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, mkavu, mwenye macho ya kucheka na ulimi mkali. Kiswahili chake kilikuwa safi, na mjukuu wake Kusum, msichana wa miaka kumi na miwili, aliniambia kwamba Bibi akikasirika huacha Kigujarati kabisa na kugomba kwa Kiswahili, kwa sababu anasema kinauma vizuri zaidi. Nikamwamkia, akaitika marahaba, nikaeleza kazi. Bibi atatumbukiza miguu kwenye ndoo ya maji, atembee barazani juu ya saruji, nami nitafuata nyuma nikizungushia nyayo zake chaki kabla hazijakauka.

Jua la Dar es Salaam mnalijua. Unyayo wa kwanza niliuwahi, wa pili niliupata nusu, wa tatu ulikauka nikiwa nimeinua chaki tu. Ikabidi Bibi arudie. Mara ya pili watu wawili wakasimama mtaani kutazama. Mara ya tatu muuza kahawa akatua birika lake, akawa ananiambia ni wapi nimeruka. Mara ya nne nilihisi Bibi anaongeza mwendo kwa makusudi. Nikatambaa haraka, naye akazidi, vinundu na yote, mpaka tukawa tunafukuzana barazani, yeye mbele anachuruzika maji na mimi nyuma kwa magoti, na Kusum amekalia ngazi hana nguvu za kusimama kwa kicheko. Bibi alipofika mwisho wa baraza akageuka, akaniuliza kama nimechoka. Nilikuwa nimekuja na kinyongo changu mfukoni pamoja na chaki. Sijui nilikidondosha wapi.

Nikanakili alama zote kwenye karatasi, nikachonga kalibu mpya ya mti kwa kila mguu, nikaongeza vinundu kwa kugongomea vipande vya mti. Sehemu ya juu nilishona kwa turubai jepesi, soli nikakata tairi la lori, na ndani nikalaza ukili wa ukindu uliosukwa na mama mkwe wangu, laini kabisa. Gundi sikutumia, kwa sababu ile yetu ilichemshwa kwa kwato, nikashona kila kitu kwa uzi. Mke wangu aliniambia kwamba siku zile nilikuwa naota nazungumza na tairi. Hata leo, nikiwa nimeshona viatu vya maharusi na vya mpira, sijawahi kuwa na furaha ya kazi kama ile.

Bibi alivijaribu kwa kuzunguka Mnazi Mmoja mzunguko mmoja, Kusum kando yake, Bwana Ramji nyuma akiomba kimoyomoyo achoke. Hakuchoka. Alirudi akatangaza kwamba safari ni Jumamosi, na kwamba fundi lazima aende pia, ili uzi ukikatika mtu asipate kisingizio. Alisema hayo akimtazama mwanawe.

Mimi nilikuwa sijapita zaidi ya Mbagala maisha yangu yote. Mke wangu alinikaangia maandazi ya kutosha kijiji. Mzee Kibwana alinikabidhi kisu chake mwenyewe, ambacho hakuwahi kumwazima mtu, akasema nikikipoteza nisirudi na mimi. Tulipanda lori la kubebea majora ya vitambaa, Bibi mbele na dereva, sisi wengine nyuma juu ya magunia ya pamba. Bwana Ramji alishika kofia kwa mkono mmoja na ubao wa lori kwa mwingine kutwa nzima. Mimi na Kusum tulihesabu minazi hadi ikatushinda, tukahesabu mashimo ya barabara. Tulifika Utete alasiri, tumekuwa wekundu kwa vumbi, tukalala kwa yule binamu.

Asubuhi lori likatusogeza mpaka njia ilipokwisha. Wa kutuonyesha njia alikuwa mkulima wa mpunga wa hapo, mtu wa maneno machache, akatangulia na panga lake. Akafuata Bibi katika sari nyeupe na viatu vyangu vya turubai, kisha Kusum, kisha mimi na mfuko wa vyombo, na nyuma kabisa Bwana Ramji na kapu la chakula. Njia ilikuwa nyepesi kweli, mchanga laini, majani ya kando yenye umande, mikindu pande zote, hewa ya asubuhi bado ina ubaridi. Nilijisikia nataka kuimba na sijui kuimba. Bibi alikwenda kama aliyeitwa. Kila baada ya mwendo mfupi aligeuka nyuma kuangalia kama mwanawe bado yupo, na mara mbili alimkuta Bwana Ramji amekaa juu ya jiwe. Sharti halikumhusu yeye, alijitetea. Bibi akamwambia apumzike, asijiumize.

Baada ya kama nusu saa tulianza kusikia harufu ya kiberiti, na ardhi ikawa na uvuguvugu chini ya nyayo. Mbele, kati ya miti, tukaona moshi mweupe wa maji. Kusum akapiga kelele za furaha akakimbia kumpita yule mkulima. Njia ikaanza kupanda kilima. Mimi nilikuwa nyuma ya Bibi hatua mbili, nikivitazama viatu vyangu vinavyopanda, moyo wangu umejaa kiburi, na hapo ndipo nilipoona.

Kisigino cha kulia kilikuwa kimelegea. Ndani, badala ya mgongo wa ngozi, kilikuwa na matabaka mawili ya turubai yaliyopigwa wanga wa muhogo, na umande wa asubuhi ulikuwa umeulainisha, kama ilivyotazamiwa. Lakini kisigino cha kushoto kilikuwa kimesimama wima. Kilisimama vizuri kupita kiasi. Wanga hausimami hivyo baada ya umande. Kinachosimama hivyo ni kitu kimoja tu, na mimi nilikifahamu, kwa kuwa nilikishona kila siku. Nikaikumbuka siku niliyofunga kisigino kile. Mteja alikuwa ananihadithia ugomvi wa mtaani, nikacheka, mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo la vipande, ukachukua mgongo, ukautia, ukashona. Bibi Jamna alikuwa anatembea na ngozi ya ng'ombe mguuni.

Kwa hatua ishirini hivi nilijadiliana na nafsi yangu. Nafsi ilisema hakuna atakayejua, ni kipande kidogo kuliko kiganja, na kimeshonewa ndani. Nafsi ilisema pia kwamba kileleni si mbali. Nikisema, itabidi avue, na avueje viatu vya kamba bila kukaa chini? Akikaa, Bwana Ramji yuko nyuma pale, safari imekwisha, na yeye hatakuja tena mahali hapa. Haya yote yalikuwa na akili. Ila kila alipoinua mguu wa kushoto mimi nilitamani kilima kinimeze. Alikuwa ameniamini katika jambo la dini yake, bila hata kuweza kunishika mkono.

Nikamwita. Akasimama, akageuka. Nikamwambia yote kwa mara moja, macho yangu chini, mteja, ugomvi, kopo, mkono. Nikasema ni cha kushoto tu.

Nilisikia maji yakitokota huko chini.

"Ng'ombe au mbuzi?" akauliza.

"Ng'ombe, Bibi."

"Heri ungesema mbuzi."

"Ningekuwa nadanganya."

Akautazama mguu wake wa kushoto kana kwamba ni wa mtu mwingine. Bwana Ramji alikuwa amefika, anahema, na alipoelewa kilichotokea uso wake ukaonyesha huzuni na nafuu kwa pamoja. Akasema basi, mungu hakupenda, Ba akae chini avue, tule chakula hapa hapa, halafu turudi garini. Ba ndivyo alivyomwita mama yake. Hata alikwisha kutandika kitambaa chini ya mkindu.

Bibi akakitazama kitambaa. Akamtazama mwanawe. Kisha akanitazama mimi, na nikaona anapima jambo, kama anavyopima mtu anayetaka kuruka mfereji. Akasogea hatua moja, akaweka mkono wake begani kwangu.

Bwana Ramji akasema neno moja kwa Kigujarati. Bibi akamjibu kwa Kiswahili, kwa hiyo nikajua amekasirika. "Nyamaza, Ramji. Fundi, piga goti. Vua."

Nikapiga goti. Sikuwahi kufungua kamba za kiatu kwa uangalifu kama ule. Nilikivuta kiatu bila kuugusa mguu, kwa kuwa bega alikuwa amelitoa yeye, mguu hakuutoa, nami nisingejichukulia. Akabaki amesimama kwa mguu wa kulia, wa kushoto ameukunja hewani, mkono wake mmoja begani kwangu na mwingine ameshika ncha ya sari isiguse vumbi. Nikakaa palepale, nikatoa kisu cha Mzee Kibwana, nikafumua mshono upana wa vidole viwili, nikaingiza koleo na kuukamata mgongo. Haukutaka kutoka. Niliushona vizuri, laana yangu. Nikavuta, ukateleza, nikavuta tena, na Bibi juu yangu akayumba, mkono wake ukatoka begani ukakamata kichwa changu. Akaendelea kunishika kichwa kama mtu anayeshika nguzo ya kitanda. Kusum akarudi mbio kutoka juu kuona tumekwamia wapi, akatukuta hivyo, bibi yake amesimama kwa mguu mmoja, ameshika kichwa cha fundi viatu, na baba yake amesimama kando na kapu. Akaanza kucheka. Bibi akajaribu kumkemea, lakini kemeo likatoka nusu na nusu nyingine ikawa kicheko, na alipocheka akatikisika, na alipotikisika mimi nikatikisika, na ncha ya kisu ikanichoma kidole gumba.

Mgongo ukatoka. Sasa kisigino hakikuwa na kitu ndani, kingelala chote. Yule mkulima, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akakata kuti la mkindu, akalichana kwa panga, akanipa ukanda mgumu. Nikaukunja mara tatu, nikautia mahali pa ngozi, nikapaka uzi nta, nikashona. Kazi yote haikuzidi muda wa kuchemsha birika la chai, lakini simameni ninyi kwa mguu mmoja muda huo, hapo mlipo, na miaka yenu ishirini na mitano, halafu mniambie. Bwana Ramji alimwambia mara tatu akae. Mara ya tatu alisema kwa upole mno, akasema sharti amelifuta, kaa tu, Ba, tutaendelea. Bibi akasema sharti lililofutwa mtu akiwa amechoka huwa linakumbukwa akishafika nyumbani. Hakukaa.

Nikamvisha. Akakanyaga, akajaribu, akatikisa kichwa kukubali. Akaondoa mkono kichwani kwangu, na tukapanda.

Juu palikuwa kama binamu alivyoandika, na zaidi. Chini yetu palikuwa na madimbwi matatu ya maji ya buluu yanayofuka, na kingo zake zilikuwa za manjano na nyeupe kama maziwa yaliyoganda. Mbele yake bonde la Rufiji lote lilikuwa wazi, mto umejikunja na kujikunjua mashambani, mpunga kijani mpaka macho yanachoka. Upepo ulituletea mvuke usoni kisha ukauondoa. Kusum alikuwa amefunga mahindi mabichi katika kitambaa, akashuka na yule mkulima kuyatumbukiza majini yaive. Bwana Ramji alisimama kando ya mama yake, amesahau kufuta jasho, machozi yanamtoka na hajali nani anayaona. Aliwafuata wenzake chini baadaye, kuhakikisha Kusum hajipiki yeye mwenyewe.

Ndipo Bibi Jamna alipokaa juu ya mwamba. Alikaa polepole, kama mtu anayeteremsha mzigo wa vyungu. Hakusema lolote juu ya maji. Aliyatazama tu, na midomo yake ilikuwa inatembea, nadhani anazungumza na mama yake. Mimi nilisimama mbali kidogo, nikijua hapo si pangu. Baada ya muda akaniita bila kugeuza kichwa. Akaunyoosha mguu wa kulia.

"Vua hiki."

Nikakishika kiatu kwa ncha kama nilivyofanya kile cha kwanza.

"Shika mguu," akasema. "Hivyo unaniumiza."

Nikaushika. Ulikuwa mwepesi, wa moto, na ulikuwa unatetemeka. Nikavua kiatu, na ukili wa ndani ulikuwa na damu. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepanda juu ya mwenzake, pengine tangu utotoni, jambo ambalo maji ya barazani yasingeweza kunionyesha hata kidogo. Turubai lilikuwa limekichubua chote. Ulikuwa mguu huo huo aliousimamia nilipokuwa nahangaika na mgongo.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu lori liliposimama. Nikamwambia angesema, ningepasua turubai pale pale, ni kazi ya dakika moja. Akasema ningepasuaje bila kuushika. Akaangalia chini, ambako mwanawe alikuwa anaruka ruka kandokando ya dimbwi na hindi la moto mikononi, akaweka kidole mdomoni.

"Ramji asijue," akasema, na mabega yake yakaanza kutikisika tena kwa kicheko. "Wewe umeniambia lako, mimi nimekuambia langu. Vile vingine nitakavyovaa mwakani, njoo upime kwa mikono yako."